"Tulisema", "hatukuambiwa": kabla ya semina, tengenezeni makabidhiano ya zamu

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Wiki iliyopita fundi wa mchana alifungua kifuniko cha chujio kwenye pampu namba 2 ili abadilishe gasketi, ile pete ya kuzuia kuvuja. Stoo gasketi ilikuwa imekwisha, akakirudishia kifuniko kwa bolti mbili tu. Akamwambia msaidizi wa opereta wa mchana kwamba pampu hiyo isiguswe, halafu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Usiku pampu namba 1 ikazima. Opereta wangu anasema alikuwa na wasiwasi kidogo, lakini meneja uzalishaji alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuulizia tani, akaiwasha namba 2. Mafuta yakaruka, sakafu ikaloa, kijana mmoja wa kufungasha akateleza na kuvunjika mkono. Watu wa mchana wanasema "tulisema". Sisi wa usiku tunasema "hatukuambiwa". Mkurugenzi amemsimamisha fundi kazi, na mimi nimeagizwa nitafute mwezeshaji wa semina ya mawasiliano ya siku mbili. Anaamini tatizo ni nidhamu na watu kutopendana. Je, semina itasaidia? Na nikitaka aelewe kwamba jambo hili ni zito kuliko anavyolichukulia, nianzie wapi?

JIBU

Ndugu msimamizi, pole sana, na huyo kijana mfikishie pole zangu. Semina isitangulie, na fundi asihukumiwe kwanza. Yote mawili yatamfanya mkurugenzi aone kwamba amechukua hatua, huku shimo lenyewe likibaki wazi pale pale lilipo.

Soma tena ulichoniandikia. Hakuna aliyenyamaza. Fundi alisema kwa mdomo, akasema tena kwa simu. Msaidizi alisikia na kuelewa, zamu yake ikaisha, akaondoka na alichoambiwa. Ujumbe wa sauti ulifika kwenye simu za watu wote, na mtu mmoja aliyeshika swichi usiku ule hakuusikiliza, au aliusikiliza baada ya mafuta kuruka. Kwa hiyo mchana wanasema kweli, na ninyi mnasema kweli. Mkiendelea kubishana nani mwongo mtabishana mwaka mzima.

Watu wanaopendana sana nao hupotezeana taarifa. Kwenye kazi za zamu, taarifa hupotea mahali panapojulikana: pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine ikiwa nusu. Pampu nzima haina shida. Pampu iliyofunguliwa kabisa, vipande viko mezani, nayo haina shida kubwa, maana kila apitaye anaiona. Ya kuogopa ni ile iliyorudishiwa kwa bolti mbili, kwa macho ikaonekana nzima. Mnapoteua mahali pa kuweka nguvu zenu, wekeni hapo.

Kisa cha kumsimulia mkurugenzi ni cha Piper Alpha, kwa sababu kinafanana na chenu hadi idadi ya pampu. Piper Alpha lilikuwa jukwaa la kuchimba mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, kiasi cha kilomita 190 kutoka mji wa Aberdeen, Scotland. Lilikuwa na pampu mbili, A na B, za kusukuma kimiminika kinachotokana na gesi. Tarehe 6 Julai 1988 pampu A ilisimamishwa ili ifanyiwe matengenezo. Siku hiyo hiyo mafundi wa kampuni ya nje waliitoa valvu yake ya usalama kwenda kuipima, na bomba wakaliziba kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa vya kutosha kuhimili shinikizo. Ikafika saa 12 jioni kazi haijaisha. Kibali cha kazi, yaani karatasi inayoruhusu matengenezo, kikasitishwa hadi kesho yake, na zamu ya usiku haikuelezwa kwamba valvu haipo.

Karibu na saa 4 usiku, pampu B ikazima na ikagoma kuwaka. Bila pampu hata moja, jukwaa lingekosa umeme. Waliokuwa kazini wakatafuta karatasi za pampu A, wakaona matengenezo ya pampu yenyewe hayajaanza, wakaridhika kwamba inaweza kuwashwa. Karatasi ya valvu ilikuwa kando, haikuambatanishwa na ile ya pampu. Wakaiwasha. Gesi ikavuja kwenye kifuniko, ukafuata mlipuko, na hadi moto unatulia watu 167 walikuwa wamekufa.

Msomee mkurugenzi aya hizo mbili, halafu badala ya valvu taja kifuniko cha chujio, na badala ya pampu A taja namba 2. Ninyi mlikuwa na mafuta ya alizeti, wale walikuwa na gesi. Tofauti nyingine siioni. Kama mlango wa pili wa kiwanda chenu una boila, au kama mnatumia heksani, kimiminika kinachoshika moto upesi, kutoa mafuta kwenye mashudu, basi hata tofauti hiyo ni ndogo.

Kuna sehemu ya kisa hicho inayosimuliwa mara chache, nayo inamhusu meneja uzalishaji wenu. Piper Alpha lilikuwa limeunganishwa kwa mabomba na majukwaa jirani, yakiwemo Claymore na Tartan. Moto ulipoanza, majukwaa hayo yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kwa muda, ingawa walijua kwamba jirani anaungua. Hapakuwa na amri ya kusimama iliyowafikia, na waliokuwa na usukani hawakujiona wana mamlaka ya kusimamisha uzalishaji kwa uamuzi wao. Opereta wako alikuwa na wasiwasi, na tani zilikuwa zinaulizwa kwenye simu. Hayo ni mazingira yale yale. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen ulitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na sheria za usalama kwenye majukwaa ya baharini ya Uingereza zikaandikwa upya. Vibali vya kazi na makabidhiano ya zamu ni miongoni mwa mambo yaliyochambuliwa kwa kirefu humo.

Sasa tuje kiwandani kwenu. Ninachokushauri ukifanye wiki hii hii hakihitaji mwezeshaji.

Makabidhiano yafanyike pembeni ya mashine, si ofisini wala getini wakati mmoja anavua ovaroli na mwingine anavaa. Opereta anayetoka na anayeingia watembee pamoja kwenye laini nzima, na wasimamizi wa zamu zote mbili wawepo. Dakika 15 zinatosha kwa kiwanda cha ukubwa wa kawaida, lakini lazima zilipwe. Hapa ndipo viwanda vingi hujidanganya: ratiba inaonyesha zamu ya mchana inaisha saa 12 kamili na ya usiku inaanza saa 12 kamili, gari la wafanyakazi linapiga honi saa 12 na dakika tano, halafu watu wanashangaa kwamba makabidhiano hayafanyiki. Yafanyike lini? Gari likiondoka kabla ya makabidhiano kwisha, dereva wa gari ndiye anayeamua usalama wa kiwanda.

Daftari la zamu liwe moja, likae kwenye meza ya opereta, na kwenye kila ukurasa yatangulie mambo yaliyoachwa nusu. Najua mna daftari. Karibu kila kiwanda kinalo. Ninavyoyajua madaftari hayo, yameandikwa "zamu nzuri, hakuna tatizo" kuanzia Januari hadi Desemba. Kwa tukio lenu, maandishi ya maana yangekuwa hivi:

"Pampu Na. 2 IMESIMAMA. Kifuniko cha chujio kina bolti mbili tu, gasketi hakuna stoo, imeagizwa. ISIWASHWE. Swichi ina kufuli, ufunguo anao fundi wa zamu. Namba 1 ikizima: simamisha laini, mpigie msimamizi, usitafute njia nyingine."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayotaka uitazame. Fundi wenu alisema pampu isiguswe, na hilo lilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyesema namba 1 ikizima ifanyweje. Pampu ya akiba ikishafunguliwa, swali hilo lazima liulizwe na kujibiwa mchana, watu wakiwa na akili zilizotulia. Mkiliacha lijibiwe saa 8 usiku na opereta aliyechoka, huku simu inaita, atajibu kwa kuwasha kitu.

Umeliona neno kufuli. Hili halina mjadala. Mashine iliyofunguliwa ifungwe kufuli kwenye swichi yake kuu, ining'inizwe kibao chenye jina la fundi na tarehe, na ufunguo akae nao yeye. Akimaliza zamu kabla ya kazi kwisha, anamkabidhi fundi anayeingia ufunguo mkono kwa mkono, na wote wawili wanasaini. Kufuli inamfikia hata mtu aliyechelewa, asiyekuwa na bando, aliyesahau, na kibarua aliyeanza kazi jana. Kwa gharama ya kufuli moja, mkono wa kijana yule ungekuwa mzima leo. Kabla hujazungumza chochote kuhusu mawasiliano, hakikisha kila fundi ana kufuli yake.

Kuhusu kundi la WhatsApp, sikatazi. Linafaa kutangaza kikao, kubadilishana picha ya kipuri, kuuliza nani anaweza kuingia zamu ya mwenzake. Lakini fungua la kwenu usome ya jana. Mna michango ya harusi, salamu za asubuhi, dua kwa mgonjwa, matokeo ya mpira, na katikati yake ujumbe wa sauti wa fundi ambao hauonyeshi umebeba nini mpaka uusikilize. Opereta mwenye vizuia sauti masikioni atausikilizaje? Tena mnapokataza simu karibu na mitambo, kama inavyopasa, mmekwisha kuamua kwamba ujumbe huo hautasikika kazini. Kwa hiyo wekeni kanuni moja: jambo lolote ambalo mtu akilikosa anaweza kuumia au mtambo kuharibika halihesabiwi kuwa limesemwa kwa kutumwa kwenye kundi. Limesemwa pale anayehusika alipolirudia kwa mdomo wake.

Kurudia ndiko kunakosahaulika zaidi. Watu wazima huona aibu kurudia walichoambiwa, wanahisi wanafanywa watoto wa shule. Marubani wanafanya hivyo kila siku, na walijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye ukungu na kuua watu 583. Rubani mkuu wa KLM aliamini ameruhusiwa kuruka, na hakuwa ameruhusiwa. Redioni walitamka maneno yaliyoweza kumaanisha kwamba wako tayari kuruka au kwamba tayari wanaruka. Mwongoza ndege akaanza kwa kujibu "OK", kisha akawaambia wasubiri. Wakati huo huo Pan Am nao wakazungumza, sauti mbili zikagongana, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM likasikika vizuri lile "OK" tu, mengine yakawa mlio. Baada ya hapo kanuni zikabadilishwa. Neno la kuruhusu ndege kuruka likawekewa mipaka ya wakati wa kutumika, na rubani akatakiwa kuyarudia maagizo yenyewe, asijibu tu kwamba amesikia.

Kwenu ifanyike hivi. Anayetoka anasema: "Namba 2 haina gasketi, kufuli hii hapa." Anayeingia hajibu "poa" wala "sawa mkuu". Anasema: "Namba 2 haina gasketi, siiwashi. Namba 1 ikizima nasimamisha laini na kumpigia msimamizi." Kama amekosea, anasahihishwa hapo hapo. Haizidi sekunde kumi. Anza wewe mwenyewe: ukipewa maagizo na meneja, yarudie mbele ya vijana wako. Wakimwona msimamizi anarudia, aibu itaisha.

Katika ajali hiyo ya Tenerife kuna mtu mwingine wa kumkumbuka. Ndege ya KLM ikiwa tayari inakimbia, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Huyo rubani alikuwa mkufunzi wa ngazi ya juu katika kampuni yake, mtu mwenye jina. Mhandisi hakuuliza tena. Namwona opereta wako humo. Alikuwa na wasiwasi, akautupa, kwa sababu mkubwa anataka tani.

Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Ni malezi mazuri, na siombi yaachwe. Ninachoomba ni mkubwa awe wa kwanza kufungua mlango, maana mdogo hawezi kuufungua peke yake. Kuuliza "kuna swali?" hakufungui kitu, kila mtu anajua jibu linalotakiwa ni kimya. Uliza: "Usiku huu ni kitu gani kinaweza kutuharibikia?" Anza na mdogo kuliko wote, kibarua wa kufungasha, umalizie na fundi mkuu, kwa sababu fundi mkuu akishasema, wengine wataafiki. Na opereta atakayesimamisha laini kwa wasiwasi, ikaja kuonekana mashine ni nzima, ashukuriwe mbele ya wenzake. Siku ya kwanza atakayogombezwa kwa hilo, juhudi zote nilizokueleza zinakufa, na hutajua zimekufa mpaka ajali ijayo.

Hili lina ushahidi, na sehemu yake ilipatikana hapa hapa Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kukatwa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, na moja ilikuwa Ifakara, sambamba na hospitali za London, Seattle, New Delhi na kwingineko. Humo kuna kipengele kinachotaka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, na daktari, mtu wa dawa ya usingizi na wauguzi waseme wanachohofia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari walikuwa wale wale. Walichoongeza ni dakika chache za kusemezana kwa mpangilio.

Sasa mkurugenzi. Usimpelekee asilimia za kuokota mtandaoni kuhusu hasara ya mawasiliano mabaya, ataziona ni maneno. Mpelekee hesabu ya kiwandani kwake. Chukua madaftari na kumbukumbu za mitambo za miezi mitatu iliyopita, utafute kila tukio ambalo kazi ilirudiwa, mtambo ulisimama au bidhaa iliharibika kwa sababu zamu moja haikujua ilichofanya nyingine. Andika saa zilizopotea, lita zilizomwagika, vipuri, matibabu, na gari lililokuja kupakia likarudi tupu. Upande wa pili andika gharama ya makabidhiano: watu sita wa nafasi muhimu wakibaki dakika 15 kila zamu inapobadilika, mara mbili kwa siku, ni saa tatu za malipo ya ziada kwa siku nzima. Weka karatasi hizo mbili mezani kwake, kaa kimya, mwache asome.

Semina sikuikataa moja kwa moja. Makabidhiano yakishakuwa na muda, daftari, kufuli na kanuni ya kurudia, mtahitaji nusu siku ya kuyafanyia mazoezi, na mwezeshaji bora wa hayo ni fundi wenu na opereta wenu, mashine ikiwa mbele yao. Siku mbili za hotelini kuhusu kusikilizana, kisha watu warudi kwenye zamu zinazopishana getini, ni fedha iliyotupwa.

Kuhusu fundi aliyesimamishwa: alikosea kurudishia kifuniko nusu bila kufunga swichi, hilo lielezwe wazi. Lakini jiulize, je, kiwanda kilimpa kufuli? Kiliwahi kumwandikia kwamba pampu iliyofunguliwa ifungwe? Kama jibu ni hapana, mkimfukuza mtakuwa mmewafundisha mafundi wengine wote kwamba aliyesema mara mbili ndiye aliyefukuzwa. Safari ijayo watanyamaza. Muombe mkurugenzi amrudishe, na huyo huyo awe wa kwanza kuandika utaratibu mpya wa kufungua pampu, kwa sababu hakuna anayejua kama yeye ni wapi taarifa ilipomponyoka.

Na jambo moja ambalo hukuligusa. Ajali ya kijana huyo imeripotiwa? Mwajiri anapaswa kuitolea taarifa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hata kama kampuni imelipa hospitali kwa fedha taslimu. Fidia yake inategemea taarifa hiyo kufika mapema na kuandikwa kama mambo yalivyotokea, na vibarua wengi hawajui kwamba nao wanahusika. Kesho asubuhi muulize ofisa rasilimali watu kama fomu imejazwa, na usiridhike na "inashughulikiwa". Omba uione.